Picha rasmi za viongozi katika ofisi za nchi mbalimbali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa maofisa mawasiliano na wapiga picha wa taasisi zenye makao makuu Dodoma na matawi nje ya nchi, iwe Nairobi, Kigali, Lusaka, Dubai au London. Vipimo vilivyomo vinafanya kazi popote, mradi visibadilishwe njiani.

Kila ofisi yetu ina mpiga picha mzuri. Mbona picha zikiwekwa pamoja hazifanani?

Kwa sababu kila mmoja kapiga picha nzuri kwa namna yake. Ukurasa wa uongozi hupanga picha kumi na mbili safu kwa safu, na jicho la msomaji linalinganisha kabla hajasoma jina hata moja. Wa Nairobi kasogelewa mno, uso umejaa. Wa Kigali kasimama kando ya dirisha, nusu ya uso ya bluu. Wa Dodoma kapigwa barazani saa saba mchana, macho kayafinya kwa jua. Msomaji hatasema kwamba mwanga umetofautiana. Ataona tu kwamba huyu ni mkubwa na yule mdogo, huyu ni wa makao makuu na yule kasahauliwa mbali huko. Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo: meneja wa tawi la watu sita anastahili mwanga uleule anaopewa mwenyekiti wa bodi.

Tofauti karibu zote zinatokana na mambo matano: umbali wa kamera na uso, ukubwa wa taa na mahali ilipo, umbali wa mtu na karatasi ya nyuma, rangi ya mwanga, na ukataji wa picha. Yote matano yanapimika kwa tepu, kwa kadi ya kijivu (kadi ya kupimia mwanga na rangi) au kwa kuhesabu pikseli. Matatu ya mwanzo yakikosewa hayatibiki kwenye kompyuta, hata mhariri awe hodari namna gani.

Tuanzie wapi?

Anzeni na picha moja ya mfano. Pigeni mtu mmoja makao makuu, kwa utulivu, mpaka wote wanaohusika waseme ndiyo. Kisha pimeni kila kitu kabla stendi haijasogezwa, na muandike waraka wa vipimo usiozidi kurasa mbili, wenye mchoro wa chumba ukitazamwa kutoka juu. Waraka wa kurasa ishirini hausomwi na mtu ambaye mkurugenzi anamsubiri mlangoni.

Msiandike maneno kama “mwanga laini” au “mwonekano wa kitaalamu”. Kila mpiga picha ana tafsiri yake. Andikeni namba.

Namba zipi hasa?

Mpangilio ufuatao unatosha ofisi nyingi, na unaingia kwenye chumba cha mikutano chenye urefu wa mita 5.

Kamera yenye kihisi kikubwa (full-frame; kihisi ni kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera), lenzi ya mm 85, mita 2 kutoka kwenye pua ya kiongozi. Kwa kamera yenye kihisi kidogo (APS-C, kizidisho cha lenzi 1.5), lenzi ya mm 56 inatoa fremu ileile kwa umbali uleule. Katikati ya lenzi iwe usawa wa macho. Kasi ya shata 1/160, tundu la lenzi f/8, ISO 100, yote yakipangwa kwa mkono. Usiache kamera ijiamulie chochote.

Taa kuu ni flashi moja ndani ya softboksi (kisanduku chenye kitambaa cheupe kinacholainisha mwanga) ya sm 90, upande wa kushoto wa kamera kwa nyuzi 45, mita 1.2 kutoka usoni. Katikati yake iwe sm 40 juu ya usawa wa macho, ikiinamishwa kidogo. Upande wa pili weka ubao mweupe wa kurudisha mwanga, wa sm 60 kwa 90, umbali wa sm 60 kutoka shavuni. Karatasi ya nyuma iwe mita 1.5 nyuma ya kiongozi.

Njia rahisi ya kulinda ile mita 1.2: funga uzi kwenye stendi ya taa, upime, upige fundo. Kila kiongozi akiketi, vuta uzi. Fundo lifike karibu na ncha ya pua. Sekunde tano tu. Alama za gundi ya karatasi sakafuni zinafaa kwa stendi na miguu ya kiti, lakini kichwa cha mtu hakina alama. Mmoja anaegemea nyuma, mwingine anainama mbele, na taa ikitoka mita 1.2 hadi 1.5 uso unapoteza zaidi ya theluthi moja ya mwanga.

Kwa nini mnasisitiza umbali wa kamera? Si naweza kusimama karibu na lenzi ya mm 50 nikapata ukubwa uleule?

Ukubwa utaupata, sura hutaipata. Chukua sm 12 kuwa nafasi kati ya ncha ya pua na masikio. Kamera ikiwa mita 2, pua inaonekana kubwa kuliko inavyostahili kwa asilimia 6 hivi ukilinganisha na masikio. Kwa mm 50 utalazimika kusogea hadi kama mita 1.2, na tofauti inafika asilimia 10. Ukinyoosha simu kwa sm 60, ni asilimia 20: pua imevimba, masikio yamekimbilia nyuma. Sura inaumbwa na umbali, lenzi inaamua tu kiasi kinachoingia kwenye fremu. Ndiyo maana waraka lazima utaje vyote viwili.

Tumenunua karatasi ya kijivu ya aina moja kwa ofisi zote, lakini Lusaka inaonekana nyeusi na London karibu nyeupe. Kiwanda kimetudanganya?

Hapana, karatasi ni ileile. Kilichobadilika ni umbali wake na mtu. Taa kuu ikiwa mita 1.2 kutoka usoni, karatasi iliyo sm 50 nyuma ya mtu inapata karibu nusu ya mwanga unaofika usoni. Isogeze hadi mita 1, inabaki chini kidogo ya theluthi. Kwenye mita 1.5 inapata kama moja ya tano. Ofisi yenye chumba kidogo itaibandika karibu na kijivu kitapauka. Yenye ukumbi mkubwa itaisukuma nyuma na kijivu kitakuwa mkaa.

Kwa hiyo weka mita 1.5 kuwa sheria, na ofisi isiyo na nafasi hiyo itafute chumba kingine. Habari njema ni kwamba huhitaji karatasi pana. Kwa lenzi ya mm 85, fremu ya wima inaona upana wa mita 1 tu pale karatasi ilipo, hivyo roli ya mita 1.35 inatosha na inaingia kwenye lifti. Ile ya mita 2.72 ni ya picha za kundi.

Kipimo cha mwisho ni kwenye kompyuta. Gusa kijivu cha nyuma kwa kidoto cha kupima rangi, juu kidogo ya bega la upande wa taa. Chagueni namba moja kutoka kwenye picha ya mfano, tuseme 100 kwenye kipimo cha 0 hadi 255, na kila ofisi iwe ndani ya 5 juu au chini. Ikizidi hapo, kapime upya umbali kabla ya kufungua programu ya kuhariri.

Ofisi yetu ya Mtumba, Dodoma, ina madirisha makubwa na taa nyeupe za dari. Tuzizime?

Zima taa za dari, funga mapazia, halafu piga picha moja ya majaribio flashi ikiwa imezimwa, kwa namba zilezile za waraka. Picha hiyo iwe nyeusi, au karibu nyeusi kabisa. Kama unaona umbo la mtu, mwanga wa chumba unaingia kwenye picha na utaleta rangi yake: kijani kidogo kutoka dari, bluu kutoka dirishani, kahawia kutoka kwenye meza ya mninga. Kwa 1/160, f/8 na ISO 100, taa za kawaida za ofisi hazifui dafu. Jua la Dodoma likipita kwenye pazia jepesi linafua, tena sana.

Kipimo hiki kidogo ndicho kinachookoa picha nyingi kuliko kingine chochote kwenye waraka, na ndicho kinachorukwa mara nyingi kwa sababu kinaonekana kama kupoteza muda.

Tunaweza kutumia taa za LED zinazowaka muda wote badala ya flashi?

Mnaweza, mkikubali masharti yake. Umeme wa Tanzania ni hezi 50, kwa hiyo taa za bei nafuu zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Tumia shata ya 1/50 au 1/100. Marekani ni hezi 60, na huko ni 1/60 au 1/125. Japani imegawanyika: Tokyo ni 50, Osaka ni 60. Shata isiyolingana inaacha mistari ya giza kwenye picha, au picha mbili zilizofuatana zinatofautiana mwanga bila sababu inayoonekana. Jambo jingine ni kwamba LED haina nguvu ya kuuzidi mwanga wa chumba kama flashi, na lile jaribio la picha nyeusi litakuwa gumu.

Ukichukua flashi ya kuchomeka ukutani kutoka Marekani, soma maandishi ya chini yake kwanza. Iliyotengenezwa kwa volti 120 peke yake ikichomekwa kwenye volti 230 za hapa itaungua. Flashi ya betri inaondoa wasiwasi huo, na umeme ukikatika katikati ya kazi unaendelea.

Viongozi wetu wana rangi tofauti za ngozi. Tunawawekaje sawa?

Hawawekwi sawa. Mwanga ndio unaokuwa sawa. Kila mtu anabaki na rangi yake. Hili hatulilegezi hata kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumizwa na picha rasmi.

Kamera ikiachiwa ijipimie, inajitahidi kukifanya kila ilichokiona kiwe kijivu cha kati. Uso mweusi ukijaa kwenye fremu, kamera inadhani kuna giza na kuongeza mwanga: ngozi inapauka, shati jeupe linateketea. Uso mweupe unapata kinyume chake. Mpiga picha anayesahihisha mtu kwa mtu kwa macho anafanya kosa lilelile polepole zaidi. Dawa ni kupima mwanga unaofika usoni. Kama una mita ya mwanga, ishike chini ya kidevu ikielekea kamera. Kama huna, piga kadi ya kijivu ya asilimia 18 ikiwa imeshikwa mbele ya uso. Kwenye faili la sRGB (mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini na tovuti) kadi hiyo isomeke karibu 118 kwa nyekundu, kijani na bluu, tofauti isizidi 3. Ukiipata namba hiyo, usiguse tena nguvu ya flashi mpaka kiongozi wa mwisho aondoke.

Ngozi nyeusi sana inapendeza kwa umbo, na umbo linatokana na mng’ao. Taa kubwa iliyo karibu inaweka mng’ao mpana na laini kwenye paji na shavu. Taa ndogo iliyo mbali inaweka nukta kali nyeupe, na watu wanaukimbilia uso kwa poda. Kama upande wa kivuli unazama, usiongeze flashi. Sogeza ubao mweupe kutoka sm 60 hadi 45, lakini fanya hivyo kwa wote na uandike kwenye waraka. Kama nywele nyeusi zinapotelea nyuma, tatizo ni kijivu kilichokolea mno, kirudishe kwenye namba yake.

Poda yenye silika nyingi inarudisha mwanga wa flashi na kuacha uso kama umepakwa jivu, ingawa kwenye kioo ilionekana safi. Tishu kavu ikibonyezwa, bila kusugua, inatosha watu wengi.

Kwenye kuhariri, kuna vitelezi vya kuongeza ung’avu wa rangi ya chungwa peke yake. Ngozi ya binadamu inaangukia kwenye rangi hiyo, nyeusi na nyeupe. Kitelezi hicho kikipandishwa ili nyuso zilingane, huo ni mkorogo wa kompyuta. Waraka uandike wazi: rangi ya ngozi haibadilishwi. Chunusi ya jana inaondolewa, kovu na alama ya kuzaliwa vinabaki isipokuwa mwenyewe ameomba.

Mavazi je? Lazima wote wavae suti nyeusi?

Hapana. Kaunda suti, kitenge kilichoshonwa vizuri, hijabu, kilemba, vyote vinakaa vizuri kwenye ukurasa mmoja kama mwanga na ukataji ni mmoja. Kinachosumbua ni vitu vichache: mistari myembamba iliyobanana, ambayo kwenye skrini inatoa mawimbi ya rangi, shati jeupe tupu bila koti, na nguo ya kijivu inayofanana na karatasi ya nyuma. Hijabu nyeupe inatupa mwanga chini ya kidevu, jambo zuri, ila angalia isipoteze mikunjo yake.

Koti likivimba shingoni, mwombe akalie ncha yake ya nyuma. Tai ifike chini ya fremu, isikatwe na pini.

Namna ya kumwelekeza kiongozi mkubwa bila kumkosea heshima?

Msalimie kwanza kama anavyostahili. Shikamoo haipunguzi taaluma ya mtu. Usiguse kola wala hijabu bila kuomba, na kwa mama mkurugenzi ni vizuri awepo mwanamke wa kusaidia. Sema “Naomba mheshimiwa usogeze paji la uso kidogo kuelekea kwangu”, ukimwonyesha kwa kichwa chako mwenyewe. Harakati hiyo inakaza ngozi ya chini ya kidevu na kufungua macho. Ukimwambia “inua kidevu”, utapata matundu ya pua.

Mwili uelekee upande wa taa kwa nyuzi 20 hivi, uso urudi kwa kamera. Kila ofisi itumie maelekezo haya haya, kwa sababu mkao nao unalinganishwa. Kuhusu tabasamu, pigeni tatu kwa kila mtu: mdomo umefungwa, tabasamu dogo, tabasamu la meno. Makao makuu yachague aina moja kwa ukurasa mzima.

Tengeni dakika 12 kwa mtu. Mbili za salamu na mavazi, nne za kupiga, mbili za kuangalia pamoja naye kwenye skrini, zinazobaki za kuchelewa.

Miwani inang’aa. Tufanyeje?

Inua taa sm 15 kabla ya kumgusa mtu. Ikiendelea kung’aa, inua mikono ya miwani kidogo juu ya masikio ili vioo viiname mbele kwa milimita chache. Usimvue miwani mtu anayeivaa kila siku. Watu watamtafuta mlangoni wasimjue. Lenzi zinazojitia giza kwenye jua zinahitaji dakika kadhaa ndani ya nyumba kabla hazijarudi kuwa safi, kwa hiyo asiingie moja kwa moja kutoka kwenye gari.

Nitajuaje kama ofisi ya mbali imefuata mpangilio, wakati sikuwapo?

Kuza jicho moja hadi asilimia 200. Kwenye mboni kuna kidirisha cheupe, taswira ya taa yenyewe. Softboksi inaacha pembe nne, mwavuli unaacha duara lenye mbavu. Kwa mpangilio wetu kidirisha kikae pale ilipo namba 10 kwenye uso wa saa. Kikiwa kwenye 12, taa imewekwa juu ya kamera. Kikiwa kwenye 9, haikuinuliwa. Vikiwa viwili, kuna dirisha lililoachwa wazi au taa ya pili ambayo haikutajwa. Kikiwa kidogo kama kichwa cha pini, taa ilikuwa mbali.

Kisha tazama kivuli cha pua. Kishuke kuelekea kona ya mdomo bila kuugusa. Kwa mambo hayo mawili unaweza kuipanga upya studio ya London ukiwa umeketi Area D, Dodoma, na ukawaandikia kwa uhakika wasogeze nini kwa sentimita ngapi.

Sharti moja: watume picha ya majaribio ya mfanyakazi yeyote, pamoja na picha ya kadi ya kijivu na picha ya chumba kizima, siku mbili kabla ya kiongozi kuketi.

Si tupige nje tu? Dodoma ina mwanga wa kutosha.

Mwanga upo, tatizo unatoka juu. Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta; mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita karibu wima juu ya kichwa, na macho yanabaki mashimo meusi. Isitoshe, London ya Januari haitaweza kukuiga. Picha za nje zitumieni kwa habari na ripoti, ukurasa wa uongozi ubaki na mwanga mnaoweza kuubeba.

Vumbi linaathiri nini?

Mambo matatu. Kiangazi, upepo ukianza, chembe zinaingia kwenye kihisi kila ukibadilisha lenzi, na kwenye kijivu safi cha nyuma zinaonekana kama madoa mepesi, mahali palepale kwenye kila picha. Ukifunga lenzi ya mm 85 ofisini asubuhi, usiitoe mpaka jioni.

La pili ni kitambaa cheupe cha softboksi. Vumbi la hapa ni la kahawia na linageuza mwanga kuwa na joto kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi, bila mtu kugundua, mpaka picha za Dodoma zinakuwa za njano kando ya za Kigali. Kioshe kwa sabuni laini, ukianike kivulini.

La tatu ni midomo. Hewa kavu inaipasua, na kwa f/8 kila mpasuko unaonekana. Weka mafuta ya midomo mezani. Dar es Salaam na Mombasa shida ni kinyume: jasho. Mpe mtu dakika kumi ndani ya kiyoyozi kabla ya kuketi.

Nani ahariri?

Mtu mmoja, au timu moja, kwa ofisi zote. Matawi yatume faili ghafi za RAW bila kuzigusa. Kila kikao kianze na picha ya kadi ya kijivu, na ikiwezekana ubao wa rangi wenye vipande 24, ili mhariri aondoe tofauti ya kamera na kamera. Waiti balansi (usawa wa rangi nyeupe) ipatikane kwenye kadi hiyo. Kamera mbili zikiwekwa Kelvini 5,500 hazitoi rangi moja.

Skrini ya mhariri ipimwe kwa kifaa cha kupimia kila mwezi: weupe wa D65, gama 2.2, ung’avu wa kandela 120 kwa mita ya mraba au chini kidogo. Kompyuta mpakato iliyo mbele ya dirisha inadanganya kutwa nzima. Toleo la mwisho liwe sRGB. Faili likitoka na rangi za kuchapishia, ngozi kwenye baadhi ya simu inafifia.

Tukate picha namna gani? Viongozi wengine wana vilemba, wengine wana upara.

Ndiyo maana hatupimi kutoka utosini. Macho na kidevu havidanganyi. Kwa picha ya pikseli 2400 kwa 3000, mstari wa macho uwe pikseli 900 kutoka juu, na kidevu kiwe 1500. Nafasi kati ya macho na kidevu ni 600 kwa kila mtu. Kilemba kikigusa ukingo wa juu, kiache kiguse. Ukimpunguza uso ili kilemba kiingie chote, umemfanya mdogo kuliko wenzake. Tengeneza kiolezo chenye mistari hiyo miwili na mstari wa katikati, ukiweke juu ya kila picha.

Ukubwa huo unachapika vizuri kwa sm 20 kwa 25. Kwa tovuti toa 800 kwa 1000, chini ya kilobaiti 200. Kama tovuti au barua pepe inaonyesha nyuso ndani ya duara, kateni toleo la mraba wenyewe, kwa sababu mtambo ukikata unaacha mtu bila kidevu.

Jina la faili liwe nchi, jina la ukoo, jina la kwanza, mwaka na mwezi. Neno “mwisho” lisitumike kamwe; baada yake huja “mwisho2”.

Kompyuta si inaweza kubadilisha nyuma tu, au kutengeneza picha kutoka kwenye selfi?

Kubadilisha nyuma kunaacha nywele zilizokatwa kama karatasi, hasa nywele za kipilipili na rasta, na mwanga wa uso haulingani na ukuta mpya. Picha zilizotungwa na akili bandia tunazipinga kwa wazi kwa kazi hii. Zinalainisha pua, zinapausha ngozi, zinamvisha mtu koti asilolimiliki. Picha rasmi ni ushahidi kwamba mtu huyu yupo na ndivyo alivyo.

Tukisafiri na vifaa kutoka ofisi hadi ofisi?

Betri za lithiamu za akiba zinapanda nawe, si kwenye mzigo wa chini. Hadi Wh (saa-wati) 100 hazihitaji ruhusa. Kati ya 100 na 160 omba shirika la ndege mapema, na ni mbili tu kwa mtu. Ukitaka kujua, zidisha volti kwa Ah (saa-ampea): betri ya volti 14.4 na Ah 5 ni Wh 72. Funika ncha zake kwa gundi. Beba orodha ya namba za vifaa iliyogongwa muhuri forodhani ukitoka, usije ukatozwa ushuru wa kamera yako mwenyewe ukirudi. Kati ya Dar es Salaam na Dodoma, treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 inapunguza vumbi na mtikisiko wa barabarani.

Kuna sheria ya kuzingatia?

Ipo. Picha ya uso ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina yake ya 2019, na kanuni za Umoja wa Ulaya zinatumika tangu Mei 2018. Faili zikivuka mpaka kuja kuhaririwa Dodoma, hilo liandikwe kwenye fomu ambayo kiongozi anasaini: picha itatumika wapi, itahifadhiwa muda gani, nani anaiona. Mkataba na mpiga picha utaje hakimiliki ni ya nani, kabla ya kazi. Akiondoka mtu kazini, itoeni picha yake kwenye tovuti wiki hiyohiyo.

Kiongozi mpya akiteuliwa katikati ya mwaka?

Apigwe kwa waraka uleule, hata kama mmeuchoka. Mabadiliko ya mtindo yafanyike kwa wote kwa mara moja, kila baada ya miaka mitatu hivi, au mtu akibadilika sana sura. Kwa sababu hiyo hifadhi kipande cha karatasi ya kijivu ya zamani, chenye namba ya rangi nyuma yake, ndani ya bahasha isiyopitisha mwanga. Duka likiishiwa na rangi hiyo, utakuwa na cha kulinganishia.

Tuna picha nane nzuri za zamani na nne mbaya. Tupige hizo nne tu?

Kama waraka wa zile nane upo, ndiyo. Kama haupo, kuza macho ya zile nane, soma vidirisha, pima macho na kidevu, pima kijivu cha nyuma. Zikikubaliana, umepata waraka wako. Zisipokubaliana, piga wote kumi na wawili.